Miezi mitatu ya mwisho ya mimba: mpango uwe tayari mbele ya uchungu



Mwezi huu tunaongea juu ya mama mwenye mimba ya miezi saba, munane na kenda. Waganga wanahesabu mimba kwa majuma, ao posho kama tunavyosema hapa kwetu. Miezi mitatu ya mwisho inaanza ku juma la 28 na inafika ku juma la 40. Ni wakati ambapo tumbo inaonekana na kila mutu, na kila mutu anakuja na shauri lake: mama mkwe, jirani, muuzaji wa dawa ku soko. Mashauri mengine ni mazuri. Mengine yanaweza kuua.

Basi tuangalie mambo ya namna tatu: yale ya kawaida, ambayo mama asiyaogope; yale ya hatari, ambayo hayangoji hata saa moja; na yale ambayo bwana na bibi wanapashwa kukatia shauri mbele, wakati nyumba ingali na utulivu. Haya ya mwisho njo makubwa zaidi. Bamama wengi wanaokufa ku kuzaa hawafi kwa ugonjwa usio na dawa. Dawa iko, lakini wanafika nyuma ya wakati.

MTOTO ANAFANYA NINI SASA?

Ku mwanzo wa juma la 28 mtoto ana uzito wa karibu kilo moja. Anafungua macho na kuyafunga, anasikia sauti ya mama yake, analala na kuamka. Kazi inayobaki ni kunenepa na kukomaza mapafu na ubongo. Mu majuma ya mwisho anaongeza karibu gramu 200 kila juma, mpaka kufika kilo tatu hivi siku ya kuzaliwa. Wengine wanakuwa chini kidogo, wengine wanazidi.

Mtoto anayezaliwa mbele ya juma la 37 amezaliwa mbele ya wakati. Mapafu yake yanaweza kuwa hayajakomaa, na mwili wake hauna mafuta ya kutosha ya kulinda joto. Kuna watu wanaosema: “Mtoto wa miezi saba anaishi, lakini wa miezi munane anakufa.” Si kweli. Kila juma ambalo mtoto anaongeza mu tumbo linamupa nguvu zaidi. Na kama akizaliwa mbele ya wakati, joto la kwanza ni kifua cha mama: mtoto anawekwa uchi juu ya ngozi ya mama, na kofia ku kichwa, kisha wote wawili wanafunikwa, na wanapelekwa ku hospitali.

Kufika juma la 36, watoto wengi wamekwisha kugeuza kichwa chini. Kama mtoto angali amekaa matako chini ao amelala kwa upana, mkunga ataona wakati anapapasa tumbo, na munganga atakata shauri. Usikubali mutu wa mtaa akandamize tumbo kwa nguvu ili “kumugeuza mtoto”. Kondo linaweza kubanduka na damu ikatoka nyingi.

Tena, mama njo anajua desturi ya mtoto wake. Mmoja anacheza sana magaribi, mwingine usiku. Watu wanasema kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa anaacha kucheza juu nafasi imekuwa ndogo. Hapana. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, lakini hapashwi kunyamaza. Ukiona leo anacheza kidogo kuliko desturi yake, lala kwa upande, tulia, umusikilize. Kama bado unamusikia kidogo, enda ku materinite siku ile ile. Usingoje kesho.

MAMBO YA KAWAIDA

Mwili wa mama umebeba kazi mbili. Hii taabu inafika kwa bamama wengi, na kwa kawaida haileti hatari:

– Kukojoa mara kwa mara. Mtoto anakandamiza kibofu. Usiache kunywa maji kwa sababu hii. Lakini kama mkojo unachoma, ao unasikia homa, pima mkojo: ugonjwa wa njia ya mkojo unaweza kuleta uchungu mbele ya wakati.

– Moto ku kifua nyuma ya kula. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Usilale mara moja kisha kula. Punguza mafuta na pilipili.

– Maumivu ya mgongo na misuli ya miguu kukaza usiku. Usibebe vitu vizito, kaa na mgongo ukishikwa vizuri, nyoosha mguu pole pole.

– Kupumua kwa shida wakati wa kupanda ngazi ao mlima. Mtoto anasukuma juu. Majuma machache mbele ya kuzaa anashuka, na pumzi inarudi. Lakini kama unakosa pumzi hata wakati umekaa, ao uso na viganja vimekuwa vyeupe, labda damu imepungua: mwambie mkunga.

– Miguu kuvimba magaribi, ikipungua asubuhi. Weka miguu juu wakati unapumzika.

– Tumbo kukaza na kulegea bila mpango. Huu si uchungu wa kweli, mwili unajizoeza. Ukipumzika ao ukitembea kidogo, inapita.

– Maji ya njano kutoka ku matiti. Ni maziwa ya kwanza. Hayana uchafu, mtoto atayahitaji sana siku ya kuzaliwa, usikubali watu wayakamue na kuyamwanga.

Namna ya kulala pia ina maana. Kuanzia juma la 28, lala kwa upande, kushoto ao kuume, si kwa mgongo. Ukilala kwa mgongo, uzito wa tumbo unafinya mshipa mkubwa wa damu na mtoto anapata damu kidogo. Ukiamka usiku na kujikuta kwa mgongo, usiogope, geuka tu.

MAMBO YASIYONGOJA

Ukiona hata moja ya haya, usiku ao muchana, enda ku hospitali mara moja:

1. Damu inatoka ku njia ya uzazi, hata kama hakuna maumivu.
2. Kichwa kinauma sana na hakiponi. Macho yanaona giza ao nyota nyota. Uso na mikono vinavimba. Tumbo inauma sana juu, chini ya mbavu.
3. Kushtuka-shtuka kama mutu wa kifafa, ao kuzimia.
4. Homa kali.
5. Maji yanatoka, hata kama uchungu haujaanza.
6. Uchungu unaanza mbele ya juma la 37.
7. Mtoto anapunguza kucheza ao ananyamaza.

Tuseme neno juu ya ya pili na ya tatu. Ni alama za ugonjwa wa tansio ya mimba. Tansio ikifika 14 juu ya 9 (mkunga anaandika 140/90) ao ikipita pale, na mkojo unaonyesha proteini, mama iko mu hatari hata kama anajisikia muzima. Ugonjwa ukizidi, unaleta kifafa. Mu jamaa mingi, mama akishikwa vile, watu wanasema ni bulozi ao pepo, na wanamupeleka fasi ingine. Ni ugonjwa wa mwili, na dawa yake inajulikana: sindano ya sulfate ya magnesiamu, na kuzalisha mtoto. Lakini ile sindano iko ku hospitali, nyumbani haipatikani.

Kuna jambo lingine la kusikitisha. Wakati mtoto anakawia kutoka, watu fulani wanaanza kumuuliza mama: “Taja majina ya wanaume wote uliolala nao, njo mtoto atatoka.” Mama yuko mu maumivu, na anageuzwa kuwa mutu wa kuhukumiwa. Mtoto anakawia kutoka kwa sababu njia ni nyembamba, ao amekaa vibaya, ao nguvu ya uchungu ni kidogo. Maungamo hayafungui mifupa. Wakati mnaopoteza kwa kuuliza majina, tumbo ya uzazi inaweza kupasuka. Bamama wakubwa, ninyi mnaosikilizwa mu jamaa, simamisheni desturi hii.

KIPIMO CHA MIMBA

Tangu 2016, Shirika la Afya la Dunia linashauri mama aonane na waganga mara munane mu mimba yote. Mara tano kati ya zile zinaanguka mu miezi hii: ku juma la 30, la 34, la 36, la 38 na la 40. Bamama wengi wanaenda mara moja ku mwezi wa tano kupata fishi, kisha wanarudi siku ya uchungu. Lakini tansio inapanda zaidi sana mu miezi ya mwisho. Mama wa fishi ya mwezi wa tano hana mutu wa kuiona.

Siku ya kipimo, omba wapime tansio, mkojo, damu na mapigo ya moyo wa mtoto. Wapapase tumbo wajue kichwa kiko wapi. Kama haujapimwa ukimwi na kaswende, pimwa. Magonjwa haya yote mawili yana dawa ambazo zinamulinda mtoto. Chanjo ya tetanosi nayo iwe imekamilika.

Mu inchi yetu malaria haina likizo. Mama mwenye mimba anapata vidonge vya SP, ambavyo wengi wanaviita Fansidar, kuanzia mwezi wa ine, akiacha nafasi ya mwezi moja kati ya dozi na dozi, kusudi apate zisizopungua tatu mbele ya kuzaa. Vimeze pale pale ku kituo. Mama anayekunywa kotrimoksazoli (Bactrim) juu ya ukimwi hapashwi kuongeza SP, amwambie mkunga. Na kila usiku lala mu chandarua ya mbu, hata wakati wa baridi.

CHAKULA, DAWA YA DAMU NA PEMBA

Si lazima kula kwa watu wawili. Lazima ni kula vizuri. Bukari peke yake inashibisha lakini haijengi damu. Weka sombe, lengalenga ao matembele. Weka maharagi, kalanga, kapenta ao ndagala. Na mara feza inapopatikana, yai, nyama ao maini kidogo. Chungwa, ndimu ao embe pamoja na chakula vinasaidia mwili kupokea chuma. Chai na kahawa vinazuia. Vinywe mbali na chakula.

Vidonge vya feri na folati vinywe kila siku. Vinaweza kufanya choo kuwa cheusi na kigumu. Usiogope: kunywa maji mingi, kula matunda. Usiviache.

Sasa juu ya pemba. Tunajua tamaa yake, na tunajua kwamba inauzwa ku kila soko. Lakini pemba inashika chuma mu tumbo na kuzuia kisiingie mu damu, inaleta minyoo na kufunga choo, na udongo unaweza kuwa na risasi na metali zingine. Mama anayetamani sana pemba, mara nyingi ni mama anayekosa damu. Badala ya kununua pemba, apime damu. Juu ya lutuku na bia, neno ni moja: mama mwenye mimba asinywe hata kidogo.

VUMBI YA MUGODI

Hapa tunasema na bababa zaidi. Kati ya 2013 na 2015, mu Lubumbashi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji waliangalia watoto 138 waliozaliwa na kilema cha kuonekana, wakawalinganisha na watoto 108 wasio na kilema. Matokeo yalitoka mu 2020 mu gazeti la waganga The Lancet Planetary Health. Jambo lililoonekana kwa nguvu zaidi lilikuwa kazi ya baba: watoto wenye kilema walikuwa mara nyingi zaidi na baba anayefanya kazi ya madini.

Tusikie vizuri. Hii haisemi kwamba kila mtoto wa muchimbaji atazaliwa na kilema. Walio wengi wanazaliwa wazima. Tena kilema kingi kinaanza mu miezi ya kwanza ya mimba, wakati wengine hawajajua hata kwamba mimba iko. Lakini inatufundisha kwamba vumbi haibaki mu shimo. Inarudi nyumbani ku nguo, ku viatu, ku nywele. Na inatufundisha kuacha kumulaumu mama peke yake kila mara mtoto anazaliwa na taabu.

Basi, baba: vua nguo za kazi na viatu inje, mbele ya kuingia. Oga mbele ya kumushika mtoto ao kukaa ku chakula. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nguo za jamaa, na kama inawezekana uzifue weye mwenyewe. Zilowanishwe kwanza mu maji, zisikung’utwe. Magunia ya mawe yasilale mu chumba watu wanamolala. Ndani ya nyumba, mwangeni maji kidogo mbele ya kufagia. Mboga zioshwe kwa maji mingi safi. Mama mwenye mimba asioshe mawe ku mto wala kuyachekecha. Tunajua kwamba kwa jamaa fulani hii kazi njo inaleta chakula. Kwa sababu hii tunasema na jamaa yote, na hatumuachii mama peke yake: mu miezi hii mutu mwingine ashike nafasi yake.

KAZI NA PUMZIKO

Mama mwenye kazi ya mushahara ana haki. Sheria ya kazi ya 2002 inamupa majuma 14 ya pumziko, mpaka 6 mbele ya kuzaa na mpaka 8 nyuma yake, na mu wakati huo anapata sehemu mbili juu ya tatu za mushahara. Mwenye kumuajiri hawezi kusema kwamba ni zawadi.

Mama wa soko na wa shamba hana sheria kama hii, lakini ana jamaa. Maji, makaa na unga vibebwe na wengine. Kijana wa miaka 14 anaweza kuchota maji, haitamupunguzia uanaume.

MPANGO WA NYUMBA

Mu 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kwamba mama anakufa ku kuzaa kwa sababu ya kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri la kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kupata dawa kisha kufika. Ya tatu ni kazi ya hospitali na ya serikali. Lakini ya kwanza na ya pili zinaanzia mu nyumba zetu.

Mu miji ya madini, kuchelewa kwa kwanza kuna sura yake. Baba iko ku mugodi, labda kwa majuma mawili, labda simu haishiki. Mama anasikia uchungu ao anaona damu. Mama mkwe anasema: “Tungoje mwenye nyumba.” Shemeji anasema: “Feza iko naye.” Saa zinapita. Hakuna mutu mubaya pale. Kila mutu anangoja ruhusa. Na ruhusa ingeweza kutolewa mbele ya miezi miwili, kwa maneno machache, bwana na bibi wakiwa wamekaa mezani:

– Baba Ilunga, kama uchungu inaanza na weye uko ku mugodi, nani atanipeleka?

– Ndugu yangu. Nitamwambia mbele ya wazee. Usiningoje.

– Na kama banganga banasema lazima banipasule?

– Bakupasule. Nimekwisha kukubali tangu leo. Feza iko mu ile sanduku, na ufunguo nakuachia.

Inaomba dakika chache tu. Tunawaomba bababa wote wenye bibi wa mimba waseme maneno haya mbele ya mashahidi, kusudi siku ile mutu yeyote asiseme: “Hatukujua mapenzi yake.”

Kisha jazeni mpango na mambo haya:

Fasi ya kuzaa. Chagueni mapema. Mama aliyekwisha kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye tansio, mwenye mtoto aliyekaa vibaya, ao aliyemwaga damu nyingi ku kuzaa kwa mbele, azalie ku hospitali yenye chumba cha kupasulia. Kama mnakaa mbali, mama ahamie kwa ndugu karibu na hospitali kuanzia juma la 37 hivi.

Njia. Ongeeni tangu sasa na mwenye pikipiki ao motokari mmoja, na mwingine wa kumusaidia, wanaokubali kuamshwa usiku. Namba zao ziandikwe ku ukuta. Si mu simu ya baba tu. Wakati wa mvua, jueni barabara gani inapitika.

Feza. Wazee wanakumbuka wakati wa Union Minière, na kisha wa Gécamines: bibi wa mfanyakazi alizalia ku hospitali ya kampani, na bwana wake hakufungua mfuko. Kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines waliacha kazi mu mpango wa kuondoka kwa kupenda, na kwa jamaa mingi ile njia ilifungwa. Mu mwezi wa 9 wa 2023 serikali ilianza mu Kinshasa mpango wa kuzaa bila kulipa, na ulipelekwa kisha mu majimbo mengine. Ulizeni ku kituo chenu kama kinafuata mpango ule, na ni kitu gani kinabaki kulipwa. Lakini hata pale, pikipiki na chakula ni juu yenu. Wekeni kidogo kidogo tangu mwezi wa sita. Bamama wa likelemba, ombeni zamu yenu ianguke mu mwezi wa kenda.

Damu. Jueni kundi la damu la mama. Tafuteni ndugu wawili wanaokubali kutoa damu, na waambiwe mbele.

Watu. Nani atafuatana na mama? Nani atabaki na watoto? Jina moja kwa kila kazi.

Mfuko. Fishi ya kipimo, bikwembe vitatu ao vine safi, blanketi na kofia ya mtoto, nguo zake, vitambaa vya mama, sabuni, beseni. Ulizeni ku materinite wanaomba nini zaidi, kama glavu ao dawa ya kusafishia. Mfuko uwe tayari ku mwanzo wa mwezi wa munane.

WAKATI UCHUNGU UNAANZA

Uchungu wa kweli unakuja na mpango: tumbo inakaza, inalegea, inakaza tena, na kati yake wakati unapungua. Maumivu yanazidi, hata ukipumzika hayapiti. Ute wenye damu kidogo unaweza kutoka. Kwa mimba ya kwanza, tumbo ikikaza kila dakika tano kwa saa moja, enda. Mama aliyekwisha kuzaa asingoje vile, juu mtoto wake anaweza kuja mbio. Mama anayekaa mbali, ao aliyekwisha kupasuliwa, aende ku alama ya kwanza.

Mtu asimpe mama mizizi ao dawa ya “kuharakisha uchungu”, wala sindano nyumbani. Dawa ile inakaza tumbo bila kujua kama njia imefunguka. Ikikaza sana, tumbo ya uzazi inapasuka, na mama na mtoto wanaweza kupotea mu saa moja. Akunywe maji, atembee, ashikwe mkono, asemewe maneno mazuri. Hii njo dawa ya nyumbani isiyodhuru.

Bamama, bababa, fanyeni hivi usiku wa leo. Twaeni karatasi moja. Andikeni majibu ya maulizo ine: Atazalia wapi? Nani atamupeleka? Feza iko wapi? Nani ana ruhusa ya kusema “twende”? Kama mmekosa jibu la moja, kesho mulitafute. Karatasi ile iwekwe ndani ya fishi ya kipimo.

Mwezi unaokuja tutaongea juu ya siku arobaini za kwanza: mama aliyezaa, kitovu cha mtoto, na maziwa.